Nywele za Hiske Hazikatwi

Ijumaa, 20 Oktoba

Sasa hivi Hiske ametupa chanuo mferejini. Halikumponyoka — amelitupa. Amefungua mlango wa nyuma, akavuka nyasi zilizolowa na soksi zake miguuni, akasimama ukingoni, akarusha kwa mkono mzima. Bata wakaja mbio wakidhani ni mkate. Kisha akageuka, akafunga mikono kifuani, akaniambia:

"Basi. Limekwisha."

Miaka mitano tu. Nilitaka kugomba, nikacheka. Halafu nikaona shingo yake ilivyokuwa nyekundu pale nilipokuwa nikivuta, kicheko kikaniisha.

Kila asubuhi ni vita. Nywele zake nyembamba, zimejikunja vidogovidogo, akilala usiku mmoja tu zinajifunga kisogoni kama kiota. Amezirithi kwangu. Zangu mimi sizikumbuki vizuri. Nakumbuka tu siku zilipokatwa.

Na leo tena, uwanjani shuleni, Gerbrich. Ndiye mkubwa wa wale tunaowaita mama wa chawa. Kila likizo ikiisha, Jumatano yake, yeye na wenzake wanawakalisha watoto wa shule nzima ukumbini, mmojammoja, wanapitisha lile chanuo lao la chuma lenye meno yaliyobanana. Baada ya likizo ya kiangazi kwa Hiske halikupita. Alilia mpaka mwalimu Douwe akaacha darasa akaja. Mwisho wakasema hajakaguliwa, basi. Na koti lake likatundikwa peke yake, msumari wa karibu na choo, mbali na makoti ya wenzake. Wiki nzima, na zaidi. Kila nikimpeleka naliona lile koti la njano likining'inia pale kama lina ugonjwa.

Leo Gerbrich amenijia na baiskeli yake, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole inayosikika mpaka getini: likizo ndiyo hii, nafasi nzuri, zikatwe tu. Fupi ni safi. Mtoto mwenyewe atashukuru. Akina mama wengine wote ghafla wakawa wanaangalia kengele za baiskeli zao.

Nikasema tutaona.

Kwa nini nilisema tutaona? Sikutaka kusema tutaona. Nilitaka kusema hapana. Basi naandika hapa ambapo hakuna wa kunikatiza: HAPANA.


Jumamosi, 21 Oktoba

Mume wangu Wytze amevaa mabuti yake ya mpira, ameingia mferejini bila kuombwa. Ametoka na chanuo, na tairi la baiskeli ambalo si letu. Hiske akalitazama lile chanuo kama mtu aliyeona marehemu anarudi.

Saa nne mama mkwe akaja kunywa kahawa, kama kila Jumamosi. Amekuja na keki ile yenye pinki juu. Ananipenda, sisemi hanipendi. Lakini alipokata kipande cha pili akasema, kama anayesema habari za mvua, kwamba ameshaongea na Sietske msusi wa mjini. Jumamosi ijayo, saa nne. Atampitia Hiske mwenyewe na gari. Nisihangaike.

Ameshapanga! Bila kuniuliza!

Nikamtazama Wytze. Wytze akatazama keki. Yeye anaendesha lori la maziwa, anaamka wakati sisi tuko ndotoni, na Jumamosi anataka utulivu. Akasema mambo ya nywele yeye hayajui.

Mama mkwe akasema amelea wavulana wanne na hakuna aliyewahi kulia kwa ajili ya chanuo. Wavulana, Mama, nikamwambia. Walinyolewa. Akasema ndiyo hivyo hasa.

Chini ya meza nikahisi mkono mdogo umeshika kifundo cha mguu wangu. Hiske alikuwa huko muda wote. Amesikia kila kitu.

Mama mkwe alipoondoka Hiske akatoka, ana makombo ya keki mdomoni, akauliza:

"Mama, nywele zangu ni zako au za Bibi?"

"Ni zako."

"Mwambie, basi."

Nina wiki moja.


Jumatatu, 23 Oktoba

Dawa za dukani za kulainisha nywele haziwezekani. Mwaka jana tulijaribu moja, chupa ya zambarau yenye picha ya farasi mwenye mabawa. Harufu ya peremende. Shingo ikavimba, akajikuna mpaka damu. Daktari akasema ni ukurutu, ngozi yake haitaki manukato, tusirudie.

Basi nitengeneze mwenyewe. Nani kasema siwezi? Shule niliiacha kabla ya cheti, lakini kusoma mapishi najua, na uokaji nimejifunza kwa macho tu, leo niko nyuma ya kaunta ya mkate na mikate mingine naikanda mwenyewe.

Asubuhi: siki kidogo ndani ya maji mengi. Mtandaoni wanasema inalainisha. Nikampulizia kidogo kwenye ncha. Akanusa. Akaniangalia kwa huzuni kubwa.

"Mimi siyo samaki wa siki wa kwenye chupa."

Na shingoni ikamwasha. Nikamwosha haraka. Nimejisikia vibaya mchana wote.

Jioni: maji na kondishona ile isiyo na harufu, nusu kwa nusu. Zikalainika juu. Chini, kwenye kiota, chanuo likafika likakwama kama lilivyozoea. Tena nywele zikalala zimelowa kama paka aliyenyeshewa. Hiske hakulia, alikunja tu midomo. Naona heri angelia.

Wytze akapita akasema kwamba labda Mama ana hoja. Nikamwambia aende akalale.


Jumanne, 24 Oktoba

Nimempigia Baba. Tangu ng'ombe wauzwe anakaa nyumba ya wazee, lakini bado anaamka saa ya kukamua na kukaa dirishani kusubiri kuche. Nikampigia kumsalimu tu, yakanitoka yote — chanuo mferejini, Gerbrich, koti, Sietske, siki.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza:

"Mkia wa Aukje wa Thelathini na Moja ulikuwa ukiuchana na nini, wewe?"

Nikakaa chini pale pale jikoni.

Aukje! Ndama wangu. Kwetu kila ng'ombe alipewa jina la mama yake na namba juu. Nilikuwa na miaka tisa, na kijijini kulikuwa na maonyesho ya ndama, watoto tumevaa nguo nyeupe tukiwazungusha uwanjani mbele ya majaji. Mkia ulitakiwa uwe umefumuka mwishoni, laini, kama manyoya ya mto. Na mkia wa Aukje ulikuwa fundo tupu, na mavi ndani yake. Basi nilikuwa nauchovya kwenye ute wa mbegu za kitani. Ule uji tuliowapikia ndama wenye kuharisha. Ndooni ulikuwa unabaki kila siku. Vidole vilikuwa vinapita wenyewe kama kwenye ute wa yai. Na nilikuwa naanzia chini, kwenye ncha, huku mkono wa kushoto umeshika mkia juu kwa nguvu ili mvuto usifike mwilini. Hakuna aliyenifundisha. Aukje alinipiga teke mara moja, nikaelewa.

Baba akacheka. Akasema majaji waliusifia ule mkia kuliko ng'ombe mwenyewe.

Sikumwambia ninachokumbuka mimi. Kwamba majira yale yale ng'ombe walikuwa wanazaa mfululizo, mikono haitoshi, Mama akatandika gazeti sakafuni akanikalisha akanikata nywele zote kwa mkasi wa jikoni. Dakika chache tu. Na siku ya maonyesho yule mzee wa kipaza sauti akatangaza: mvulana huyu na ndama wake. Watu wakapiga makofi. Mama hakuwa mbaya, alikuwa amechoka. Lakini hakuniuliza. Aukje aliachiwa mkia wake, mimi sikuachiwa kitu.

Kesho nanunua mbegu.


Jumatano, 25 Oktoba

Duka la vyakula vya mifugo. Mzee wa pale akanipimia mbegu za kitani, akauliza ndama wangu ana umri gani.

"Miaka mitano," nikasema.

Akaacha kupima. Akasema huyo basi si ndama tena. Hiske alikuwa pembeni yangu, kofia imemfunika mpaka nyusi, akamwambia kwamba ni yeye. Yule mzee akatuongezea konzi moja.

Sufuria ya kwanza niliharibu. Zilichemka vizuri, nikakoroga mpaka ute ukaanza kuvutika kwenye mwiko kama uzi, hapo simu ikalia. Wytze, anauliza tunakula nini. Nikarudi, imepoa. Ikipoa haichujiki! Nilisahau hilo. Nikaitia kwenye soksi yangu ndefu ya nailoni nikaikamua kwa mikono miwili kama chuchu ya ng'ombe, mara soksi ikapasuka. Ukutani. Kwenye saa. Kwenye nyusi zangu. Hiske alicheka mpaka akakaa chini.

Sufuria ya pili nilichuja moto, nikaungua vidole, lakini ikatoka safi, inang'aa. Nikaitia kwenye chupa ya kupulizia maua, nimeiosha mara tatu. Nikabonyeza. Haitoki. Nikabonyeza tena kwa nguvu, ikatoka moja kwa moja kama mate ikatua kwenye mkate wa Wytze. Akala. Akasema haina ladha mbaya.

Nzito mno. Nikaongeza maji yaliyochemshwa, kiasi kile kile, na kijiko cha kondishona isiyo na harufu. Nikatikisa. Ikatoka ukungu.

Nikamweka Hiske kwenye kigoda. Akashika pembe za kigoda kwa mikono yote, akafumba macho, kama anangoja sindano. Nikamwambia naanza — tumekubaliana kila mara niseme kwanza. Nikapulizia ncha. Nikashika shungi juu kwa mkono wa kushoto, nikaanzia chini. Kidogo. Kidogo tena. Nikapanda. Kwenye kiota nikapulizia mara nyingi, nikatenganisha kwa vidole kwanza, nikasikia kitu kinaachia. Kama fundo la kamba linapokubali.

Akauliza, macho bado amefumba:

"Umeshaanza?"

Nilikuwa nimemaliza upande mmoja.

Nikaweka chanuo chini. Nikabusu utosi wake. Hauna harufu ya peremende wala ya siki. Una harufu ya Hiske.


Alhamisi, 26 Oktoba

Sijui nicheke au nilie.

Leo zamu yangu ya mkate, mama mkwe alikuja kukaa na Hiske. Asubuhi nilimchana kwa ile dawa, dakika chache, hakuna chozi. Shingo haijawasha. Chupa nikaiacha karibu na sinki. Nilitakiwa kuirudisha kwenye friji, nje inachacha. Nilichelewa, nikakimbia.

Mama mkwe hawezi kuona chupa ya kupulizia na kitambaa mahali pamoja akakaa kimya. Na vioo vyangu vya mbele vinamkera tangu nilipoolewa. Basi akaamua kunifanyia wema. Akapuliza dirisha zima la mbele, lile kubwa la sebuleni linalotazama barabara. Akasugua. Nje kulikuwa na mawingu, hakuona kitu, akamaliza chupa yote, akatengeneza kahawa.

Mchana jua likatoka.

Nilipokata kona na baiskeli nikadhani ni konokono. Dirisha zima lina mistari ya ute uliokauka, inang'aa rangi zote, duara kwa duara, kama konokono elfu wamecheza humo. Na mtaani kwetu hakuna anayefunga pazia. Majirani wa ng'ambo walikuwa wamesimama wazi wazi, wanakunywa chai, wanatazama.

Mama mkwe yuko ndani anasugua na maji baridi, anaeneza zaidi. Uso mwekundu. Akaniuliza ile ni sabuni gani ya shetani. Nikamwambia si sabuni, Mama. Ni ya nywele za Hiske.

Akauliza imetengenezwa na nini. Na hapo Hiske, kwa fahari yote, akamweleza: ni dawa ya ndama wanaoharisha.

Mama mkwe akaweka kitambaa chini taratibu.

"Unampaka mtoto wa mwanangu dawa ya ndama."

"Ndiyo, Mama. Na hajalia tangu jana."

"Jumamosi saa nne nitakuwa hapa."

Akachukua koti lake.


Ijumaa, 27 Oktoba

Kijiji kizima kinajua. Kwenye kaunta ya mkate wateja watatu wameniuliza hali ya ndama. Mmoja akalia kama ng'ombe akiwa analipa. Nikamfungia mkate wake, nikamwambia dawa ipo, kama tumbo linamsumbua. Wakamcheka yeye badala yangu.

Wytze aliporudi akakaa kwenye ngazi kuvua buti, akasema polepole, bila kunitazama, kwamba labda kwa ajili ya amani tukate tu kidogo. Mpaka mabegani.

"Amani ya nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. Ndicho ninachompendea, ukimuuliza anafikiri. Kisha akasema mama yake hajazoea kukataliwa. Nikasema najua, na mimi sijazoea kukataa, kwa hiyo wote wawili tutajifunza pamoja. Nikamsimulia habari za gazeti sakafuni na mzee wa kipaza sauti. Sikuwahi kumsimulia, miaka yote hii.

Aliinuka. Akavaa tena buti zake, akachukua ndoo ya maji ya moto, akatoka kabla ya chakula akasugua dirisha lote mpaka likawa safi. Majirani wakamwona. Akawapungia mkono.

Nimechemsha sufuria mpya. Safari hii chupa nimeibandika plasta, nimeandika kwa herufi kubwa: HISKE. Iko kwenye friji, nyuma ya maziwa.


Jumamosi, 28 Oktoba

Alikuja saa nne kasoro. Gari halikuzimwa. Akasimama mlangoni na koti dogo la njano la Hiske tayari mkononi, alilichukua kwenye kigingi kabla hata ya salamu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakapotea yote. Nikasimama tu kwenye kizingiti, mikono ina unga.

"Haendi, Mama."

Akasema Sietske anasubiri. Akasema nafikiria nywele badala ya mtoto. Akasema — na hapa sauti yake ilipungua — kwamba yeye hawezi kuvumilia kumsikia mtoto akilia vile, anamsikia hata akiwa nyumbani kwake, anapoosha vyombo anamsikia. Sikujua hilo. Karibu nilegee. Kweli, nilikaribia.

Lakini Hiske akaja akasimama nyuma yangu. Nikahisi kichwa chake kwenye kiuno changu.

Nikamwambia: halii tena. Aje asubuhi yoyote aone. Na kama siku moja Hiske mwenyewe akitaka zikatwe, nitampeleka mimi, na bibi yake atakaa kiti cha mbele. Lakini atake Hiske mwenyewe.

Mama mkwe akashusha mkono. Akanirudishia koti.

"Jumatano Gerbrich akishindwa kupitisha chanuo, usije kunililia mimi."

"Sitakuja, Mama."

Akaondoka. Nikafunga mlango, nikauegemea. Hiske akaniletea kigoda chake nikalie.

Mchana mama mkwe akapita tena na gari, hakushuka. Akateremsha kioo kunipa keki iliyobaki. Nywele zake zimekatwa fupi, shingo yote nje, masikio nje! Nafasi ilishapangwa, akasema. Haiwezi kupotea bure.

Zimempendeza. Nilimwambia. Akapandisha kioo.


Jumatatu, 30 Oktoba

Shule imefunguliwa. Ujumbe kwenye simu, kundi la wazazi, kutoka kwa Gerbrich. Nanakili hapa maana nimeusoma mpaka nimeukariri: Jumatano ni ukaguzi wa chawa. Nywele zisisukwe. Na JELI HAIRUHUSIWI, kwa sababu inaficha mayai. Herufi kubwa ni zake. Chini mtu ameweka picha ndogo ya ng'ombe. Kumi na wangapi sijui wamecheka.

Kwa hiyo dawa yangu ndiyo jeli. Nikimpulizia asubuhi, watasema nimeficha chawa. Nisipompulizia, usiku mmoja tu na kiota kinarudi. Na koti msumarini tena. Na mama mkwe. Na Sietske.

Nilikaa na simu mkononi. Kisha nikaandika, mbele ya kundi zima, mimi ambaye huwa siandiki kitu zaidi ya kidole gumba: Jumatano nitakuja na Hiske. Nitakaa mlangoni. Chupa nitakuwa nayo, anayetaka kujua kilichomo nitamwambia.

Nikatuma kabla sijaogopa.

Wytze akaweka kidole gumba chini yake. Wa kwanza. Halafu mwalimu Douwe. Halafu kimya.


Jumatano, 1 Novemba

Naandika nikiwa shuleni, kwenye kiti cha watoto wadogo, magoti yako karibu na kidevu. Sina la kufanya na mikono.

Jana jioni nilimchana kwa dawa, kisha nikamsuuza kwa maji matupu mpaka nywele zikalia kwa usafi nilipozibana. Nikamsuka msuko mmoja mlegevu wa kulalia. Asubuhi nikaufumua. Hakuna kitu kichwani mwake, hakuna msuko, hakuna jeli. Sheria zao zote nimezifuata. Kisogoni, nikipitisha kidole, kuna sehemu moja imeanza kujifunga. Ndogo. Mimi kwa chanuo letu ningeifungua. Lile lao la chuma, sijui.

Nilipofika Gerbrich alikuwa anapanga viti. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kama chanuo likikwama, aniruhusu nipulizie kidogo pale pale, mbele ya macho yao, waone wenyewe kama inaficha kitu. Akatikisa kichwa. Sheria ni moja kwa wote. Jeli ni jeli.

"Ni maji ya mbegu," nikasema.

"Ya ndama," akasema mwenzake mmoja kutoka nyuma ya viti, na wakacheka. Si kwa ubaya sana. Lakini walicheka.

Zamani ningeenda nyumbani. Nikavuta kiti, nikakaa.

Mwalimu Douwe amepita, ameniletea kahawa bila kusema kitu.

Wanaingia kwa darasa. Sasa wa Hiske. Amepita mbele yangu kwenye mstari, nywele zimeachwa, zimefika mgongoni, zinacheza akitembea. Sijawahi kuziona hivyo shuleni, siku zote zimebanwa. Mbele yake Marrit, mtoto wa Gerbrich mwenyewe, ana mkia wa farasi ambao leo umefunguliwa. Hiske hakunishika mkono. Akaniinamia akaninong'oneza kwamba yeye haogopi, ila nisiende mbali.

Siendi popote.

Mlango umefungwa. Kioo chake kina karatasi za majani ya vuli walizobandika watoto, naona vivuli tu. Kiti. Mtu ameinama.

Natega sikio.

Kuna mtoto analia. Mungu wangu. Nusura niinuke — hapana. Siyo wake. Kilio cha mwanangu nakijua kama sauti ya mlango wangu. Huyu ni mwingine. Analia kwa kuvutwa, ule wa juu, unaokatika. Na sauti ya Gerbrich inasema tulia, Marrit, tulia basi, Mama anamaliza.

Halafu Hiske. Namsikia wazi, kama anaongea na bata:

"Siyo juu. Anzia chini. Na useme kwanza kama unaanza."

Hakuna anayecheka humo ndani.

Sijui kama kwake limepita. Sijui kama wameshamfikia. Koti lake liko pale na mengine, naliona nikigeuza shingo, la njano katikati ya ya bluu. Halijaguswa. Chupa iko mkobani, bado baridi, inanilowesha paja.

Mlango umefunguka. Ni Gerbrich. Ana lile chanuo mkononi, na kwenye meno yake kuna nywele za rangi ya nywele za Marrit. Macho yake yako kwenye mkoba wangu, si usoni kwangu. Mashavu mekundu. Anasema, "Baukje, hebu ingia." Anauvuta mlango nyuma yake. Anasema niingie, halafu taratibu, ili wale wengine wasisikie, anasema niingie na chupa.